Akina Tadjidine wa Mutsamudu

Moroni, 16 Machi 1981

Dada yangu Zaharia,

Shikamoo, na mguu unaendeleaje? Mke wangu Chamsia anasema uendelee kuukanda kwa mafuta ya nazi ya moto, usimsikilize daktari anayekwambia ukae kitandani. Sisi huku wazima. Mvua imeng'oa bati moja la jiko la mama mkwe wangu, na kwa kuwa nyumba ni yao na mimi ni mume tu niliyehamia kwa mke, nilipandishwa juu kulirudisha. Nilishuka salama.

Kazi ni ile ile. Tangu daftari za zamani zilipochomwa moto wakati wa utawala uliopita, ofisi yetu ya vizazi na vifo inawaandika watu upya kana kwamba wamezaliwa jana. Mzee wa miaka sabini anakuja na mashahidi wawili, anataja jina lake, nami naandika. Akikosea, amebatizwa upya na serikali.

Ninalo jambo dogo la kukuuliza. Mkuu wangu anataka maelezo kuhusu jina Tadjidine, ambalo huko kisiwani kwenu Ndzuani limejaa. Mimi mwenyewe nimeshaliona limeandikwa kwa namna nne. Anataka kujua limetoka wapi, nani alilileta Mutsamudu, na ni nyumba zipi zinalo hivi sasa. Nimemwambia ninaye dada aliyelelewa na Koko, bibi yetu, ndani ya mji wa mawe, na kwamba hakuna mlango huko asioujua umefungwa na nani. Mimi nilikuja kutoka Unguja mtu mzima, mwaka 1968. Nyumba nyingi za kwetu nazijua kwa kusikia tu.

Niandikie kama unavyozungumza, usijali urefu. Hakuna haraka kubwa, ila ukiweza kabla mwezi wa nne haujaisha nitashukuru.

Nisalimie mwanao Tadji. Mwambie mjomba wake anamuulizia.

Mdogo wako,
Mouzaoir


Mutsamudu, 12 Aprili 1981

Mdogo wangu Mouzaoir,

Barua yako ilinifikia siku ya kumi na tisa, imelowa pembe moja. Marahaba. Mguu unaniruhusu kufika msikitini kwa wanawake na kurudi, zaidi ya hapo unanikumbusha umri wangu. Mafuta ya Chamsia nimeyatumia. Mwambie yananuka lakini yanafaa.

Tadji hajambo. Anafundisha shule kule Patsy na hushuka mjini kila Ijumaa. Amekonda, na nikimuuliza anasema ni njia ya kupanda mlima.

Umeniuliza kitu ninachokipenda, nami nimekawia kwa sababu nilikwenda kuwauliza wenzangu wawili wa rika la Koko, nisije nikaandika uongo. Haya.

Tadjidine wa kwanza hakuitwa Tadjidine. Aliitwa Hamidou, ni babu wa babu yake Koko. Alisomesha Qurani chini ya ngome, katika chumba kisicho na dirisha. Kadhi mmoja mgeni alipita, akasimama mlangoni akamsikiliza, kisha akasema kwa Kiarabu kwamba huyu ni taji la dini. Akaenda zake. Sasa, Hamidou alikuwa maskini na kofia yake ilikuwa imetoboka utosini. Majirani wakaanza kumcheka: "Taji hilo! Tadjidine anapita, mtazameni taji lake!" Kwa hiyo jina lilianza kwa kejeli. Yeye mwenyewe hakulipenda mpaka kufa. Binti yake ndiye aliyempa mwanawe wa kwanza jina hilo, makusudi, ili wale waliomcheka baba yake walitamke kila siku wakimwita mtoto aje kula. Kuanzia hapo likawa jina la heshima, na watu wasio wa kwetu wakalichukua.

Leo limekwenda kila mahali. Patsy kuna chemchemi inayoitwa hivyo, kwa sababu mmoja wao aliijengea ukuta. Wanawake wanaodarizi kofia wana mshono wa duara juu kabisa wanaouita Tadjidine, na mshonaji akiukosea hufumua kofia nzima. Mtu akijivuna tunamwambia, "Usinijie kama Tadjidine." Na duka la vitambaa la Soidri lina kibao kilichoandikwa Tadjidine, jina la marehemu baba yake, basi Soidri mwenyewe watu wamesahau kwamba ni Soidri.

Walio hai, nitakutajia kama ninavyowakuta nikitoka mlangoni kwangu na kuteremka kwenye vichochoro mpaka bandarini, kisha Mirontsy, kisha Patsy. Kwanza sonara, mume wa jirani yangu Hayati, mlango wa tatu. Kisha Soidri kama nilivyokwambia. Kisha mwadhini wetu kipofu. Kisha mtoto wa Loutfia. Karibu na bandari, kuli, mwana wa Ridjali. Mirontsy, seremala yule aliyenitengenezea kabati. Na Patsy, Tadji wangu.

Wako wengine wadogo wadogo milimani, lakini hao sijawahi kula kwao.

Mkuu wako akifurahi mwambie aniletee miwani.

Dada yako,
Zaharia


Moroni, 4 Mei 1981

Dada Zaharia,

Nakuamkia. Barua yako imesomwa na kusomwa tena. Huku mama mkwe wangu ana homa ya kupanda na kushuka, lakini ana nguvu ya kunituma dukani, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Chamsia amefurahi kwamba mafuta yanafaa. Kuhusu harufu hakusema kitu.

Kofia iliyotoboka imewachekesha ofisini. Imemchekesha hata mzungu mmoja ambaye siku hizi huja kukaa kwenye benchi letu. Ni katika wale mamluki waliokuja mwaka 1978, wanaovaa nguo nyeusi na kuendesha jipu zao hapa mjini kama barabara ni yao. Huyu aliwahi kupigana Kongo na amebaki na Kiswahili cha huko. Wangazidja wa hapa hawakielewi, nao wakisema Kingazidja yeye haelewi. Kwa hiyo huzungumza nami. Huniita "mzee" ingawa tunalingana.

Wamebakiwa na maswali machache kuhusu majina yale. Ungeweza kuniandikia umri wa kila mmoja? Na ni nani kati yao aliyesoma Kifaransa vizuri, na kama yupo anayejua kupiga taipu, au anayefanya kazi mahali penye mashine. Ni kwa ajili ya kukamilisha daftari tu. Ofisi ina taratibu zake, Dada, usinihoji sana.

Tadji bado huteremka kila Ijumaa? Hukuniambia ana marafiki gani huko Patsy.

Miwani nitakutafutia mwenyewe.

Mouzaoir


Mutsamudu, 28 Juni 1981

Mouzaoir,

Sisi wazima. Ramadhani iko mlangoni, na sukari imepanda kama kawaida yake. Mama mkwe wako Mungu amwondolee homa. Maswali yako ya mwezi wa tano sikuyajibu kwa sababu nilikuwa na uvivu, na sasa naona hayahitaji tena jibu.

Nakueleza lililotokea, kwa utaratibu.

Alhamisi tarehe 11 Juni, saa mbili asubuhi, wanajeshi sita na wazungu wawili waliingia mjini kwa miguu, maana jipu haiingii kwenye vichochoro vyetu. Mmoja alikuwa na karatasi. Nilikuwa barazani nachambua mchele. Walipita mlangoni kwangu bila kunitazama, wakaenda mlango wa tatu, wakamtoa sonara na koleo lake mkononi. Hayati alitoka nyuma yake na kanga moja.

Kutoka hapo walikwenda dukani kwa Soidri. Soidri akawaambia, "Mimi ni Soidri, tazameni cheti." Mzungu akamwonyesha kibao. Soidri akasema, "Huyo ni baba yangu, amekufa." Wakamchukua.

Kisha mwadhini. Alitoka anapapasa ukuta, wakamtazama macho, wakaulizana, wakamwacha.

Kisha kwa Loutfia. Mwanajeshi akabisha hodi akasema anamtaka Tadjidine. Loutfia akaingia ndani akamleta, amembeba kiunoni. Ana miaka miwili. Yule mwanajeshi alitoa kalamu akatia alama kwenye karatasi yake, kisha wakaendelea.

Kisha kuli, bandarini. Huyo alipigana nao, wakamvunja mkono wa kushoto. Kisha wakapanda gari kwenda Mirontsy wakamchukua seremala.

Nimekuandikia kama walivyokwenda. Nadhani unaona walivyokwenda.

Patsy hawakufika. Lakini Tadji Ijumaa ile hakuteremka, wala iliyofuata. Shuleni wanasema hayupo. Alipo sipajui.

Wanne wamepelekwa huko Moroni kwa ndege. Hayati huja hapa kila siku baada ya alasiri, anakaa mkekani kwangu, kisha anaondoka. Bado hajaniuliza lolote.

Zaharia


Moroni, 26 Julai 1981
Kwa mkono wa Moinafouraha

Dada Zaharia,

Leo ni kumi la mwisho la Ramadhani, na mtu aliyefunga hapaswi kuandika uongo. Hii naipeleka kwa mkono wa Moinafouraha, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye ni jirani yetu na anakuja huko kwa meli. Posta nimeacha kuiamini, kwa sababu barua zake huletwa ofisini, na ile yako ya mwezi wa nne niliifungua mezani pangu mbele ya mzungu, naye akataka nimsomee, na mengi aliyaelewa. Lugha niliyodhani ni yetu wawili katika visiwa hivi ni yake pia.

Lakini si yeye aliyeniponza. Nakueleza.

Mwezi wa pili, karatasi iliyopigwa taipu kwa Kifaransa ilibandikwa kwenye milango ya soko la Mutsamudu. Lazima uliiona. Ilisema visiwa vimekodishwa kwa askari wa kulipwa, na chini yake ilitiwa saini Tadjidine. Mzungu alikuja ofisini kwetu kuuliza: "Hii jina iko ya nani?" Mkuu wangu akasema daftari zilichomwa, haiwezekani kujua. Ilikuwa iishie hapo. Mimi ndiye niliyesema, na hakuna aliyeniuliza, kwamba ninaye dada anayeijua kila nyumba. Nilisema kwa kujigamba, Dada. Miaka kumi na tatu nakaa katika ofisi hiyo na wananiita Mzanzibari, wanatafsiriana maneno mbele yangu kama niko nje ya mlango. Siku hiyo nilitaka wajue kwamba na mimi nina kwetu.

Barua yako ilipokuja, niliambiwa ninakili majina kwa mwandiko safi. Nilinakili. Umri hukuuandika, na mimi sikuujua, kwa hiyo mtoto wa Loutfia alikaa kwenye orodha kama mtu mzima. Nilipofika kwa wako niliweka kalamu chini. Mzungu alikuwa ameshachoka kusikiliza kabla sijafika Patsy. Orodha niliyompa ina majina sita. Mwanao hayumo.

Hilo nililifanya kwa ajili yako. Nilitaka ulijue.

Mouzaoir


Mutsamudu, 14 Agosti 1981
Kwa mkono wa Moinafouraha

Mouzaoir,

Idi ilipita, tulikula. Salamu za Chamsia na kitambaa alichonishonea nimevipata. Mwambie ahsante, rangi ni nzuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mlango umefungwa.

Unasema jina la mwanangu uliliacha kwa ajili yangu. Ukiacha jina moja, basi ulijua karatasi ni ya nini. Ningekuelewa zaidi kama ungeandika yote saba kwa ujinga. Sitalirudia hili tena, maana mimi pia ndiye niliyewataja.

Nisikilize sasa, nakuambia kama dada mkubwa. Wanaume wanne wa kwetu wako katika gereza la huko, na sote tunajua jela haipiki chakula cha kumtosha mtu. Wake zao hawawezi kuvuka bahari kila siku. Wewe unakaa mwendo wa robo saa kutoka getini. Utawapelekea chakula. Kila siku, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mpaka watakapotoka. Seremala ana pumu, Chamsia asimwekee pilipili. Sonara hali muhogo. Soidri na kuli wanakula chochote.

Usinitumie kitu kingine, wala miwani.

Zaharia


Moroni, 22 Novemba 1981
Kwa mkono wa Moinafouraha

Dada Zaharia,

Nakuamkia. Mama mkwe wangu alifariki tarehe 2 Septemba, Mungu amrehemu. Nadhani Moinafouraha alikwambia. Chamsia anaendelea kujikaza. Nyumba imekuwa kimya.

Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza niwe na cha kukueleza.

Chakula nimekipeleka kila siku tangu tarehe 20 Agosti. Siku ya kwanza askari wa getini aliuliza, "Cha nani?" Nikasema, "Cha Tadjidine." "Yupi?" "Wote." Akacheka, akafunua sufuria, akatoa kipande cha samaki akala, akanipitisha. Huwaona kwenye uwazi wenye wavu wa chuma, nusu saa.

Kwa siku nane tulizungumza habari za nyumbani tu. Soidri ndiye msemaji. Kila siku huwaambia askari kwamba yeye hahusiki kwa sababu si Tadjidine, na wale watatu wenyewe humcheka. Siku ya tisa sonara aliniuliza huku akila.

"Wewe unafanya kazi wapi?"

"Ofisi ya vizazi na vifo."

Akatafuna. Akasema, "Ile karatasi waliyokuwa nayo ilikuwa na mwandiko mzuri sana. Mimi ni sonara, nauangalia mkono wa mtu. Ni mkono wako?"

Nikasema, "Ni wangu."

"Na majina? Ulimwuliza nani?"

Nikasema niliyatoa kichwani mwangu. Wewe sikukutaja.

Wale wengine walikuwa wameacha kula. Sonara akasema, "Kesho mwambie mkeo samaki amwache kidogo zaidi motoni," akaendelea. Soidri alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Seremala alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, sikujua kwa lipi. Kuli alisukuma sahani yake mpaka ikagonga wavu. Tangu siku hiyo hali chakula nikikishika mimi. Kwa hiyo Chamsia hufuatana nami, anampa yeye, nami nasimama nyuma. Kwa Chamsia anapokea na kumshukuru. Mkono wake umeunga vibaya.

Mwezi wa kumi yule mzungu alikuja kuniaga, anahamishwa. Akaniambia, "Mzee, hii jina iko mingi sana. Hawa si wao." Alisema hivyo akicheka, kama mtu aliyechukua mwavuli usio wake. Nikamuuliza, kama si wao mbona hawatolewi? Akasema hiyo si kazi yake tena. Niliandika ombi kwa mkuu wangu, na kwa mkuu wake, na kwa mwingine juu yake. Kila mmoja alinijibu kwamba hawezi kuwatoa watu ambao hana karatasi ya kuwaingiza.

Sasa ninalotaka kukuambia. Seremala amefariki tarehe 9 ya mwezi huu. Ilikuwa pumu, vumbi na unyevu. Walimpeleka hospitali Jumamosi, Jumatatu akaondoka. Waliniita mimi kwa sababu jina langu lilikuwa getini kama jamaa yake. Nilimwosha mimi na imamu wa mtaa wetu. Vidole vyake vilikuwa bado na alama za msumeno. Tumemzika hapa Moroni, upande wa juu, na nimeweka mawe mawili.

Siku ya pili nilikwenda kazini, na karatasi ya kifo chake ikaja mezani kwangu, maana zote huja kwangu. Ilikuwa ya kwanza katika maisha yangu ambayo sikuweza kuiandika kwa mara moja. Nilimwandika: Tadjidine, seremala, wa Mirontsy. Mkuu wangu aliuliza kama huyu ni katika wale. Nikasema ndiyo. Akatia saini.

Mjane wake aambiwe kwa mdomo, si kwa barua. Nakuomba uende wewe.

Naomba pia uniambie kitu kimoja. Je, Tadji yuko hai? Sitaki kujua alipo.

Mouzaoir


Mutsamudu, 3 Februari 1982
Kwa mkono wa Moinafouraha

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama wa Chamsia tumemsomea hitima hapa, wanawake thelathini. Mguu umenitengemaa kiasi cha kupanda ngazi. Nilifika Mirontsy kwa miguu yangu siku ile ile niliyopata barua yako. Mjane alinisikiliza, akaniuliza maji ya kumkoshea yalikuwa ya moto au ya baridi. Sikujua. Ukiandika mara nyingine umjibu hilo. Anataka pia kaburi lielezwe liko upande gani wa mti gani, ili wanawe wakikua waende.

Wale watatu walirudi mwezi wa Maulidi, wewe unajua, maana nasikia uliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege ukasimama mbali. Hapa walipokelewa na mji mzima. Mwenye duka la vitambaa ameshusha kibao chake akakipaka chokaa. Aliyevunjwa mkono hawezi kubeba mizigo tena. Wamempa kazi ya kuhesabu magunia, na hamsemi mtu vibaya, wala wewe hakutaji. Mume wa jirani yangu, yule wa mlango wa tatu, amefungua tena karakana. Aliniambia mkeo anapika vizuri siku hizi kuliko zamani. Kukusamehe hakusema. Alisema kila siku ulikuja, hata siku ya kimbunga kidogo, na kwamba hilo aliliona.

Uliwaambia majina uliyatoa kichwani mwako. Nimewasahihisha. Wiki iliyopita nilikwenda kwa kila mmoja, nikakaa, nikasema: aliyewataja ni mimi, kwa barua, kwa furaha, na nilieleza hata kofia ya babu. Jirani yangu, mkewe yule wa mlango wa tatu, alinisikiliza mpaka mwisho. Sasa hakai tena mkekani kwangu baada ya alasiri. Tunaamkiana tu. Nimelikubali hilo, ni haki yake.

Kuna jambo jingine, nalo sikuwaambia wao, nakuambia wewe. Karatasi ya soko aliiandika mwanangu. Alinieleza mwezi wa tano, barua yangu ilikuwa imeshakufikia. Mashine ilikuwa ya shule. Nikamuuliza, kwa nini ulitia jina lako, mwanangu, umepata wazimu? Akasema hakutia jina lake. Alitia jina la watu wengi, akidhani kwamba jina la wengi haliwezi kuwa la mtu yeyote. Ana miaka ishirini na sita, na alisoma kutuzidi sisi sote. Basi sisi watatu tumewafikisha wale pale walipofika, mmoja kwa saini, mmoja kwa kumbukumbu, mmoja kwa mwandiko mzuri. Usijibebeshe mzigo wote peke yako kana kwamba unatafuta sifa. Wala usiuweke chini.

Umeniuliza kama yu hai. Yu hai. Alivuka, yuko mahali watu wanasema lugha yetu, ana kazi ya mikono. Ameoa huko bila mimi na bila mjomba wake kuulizwa, jambo ambalo wakati mwingine lingetukasirisha. Jina lake amelibadilisha. Mwezi uliopita mkewe alijifungua mtoto wa kike, na siku ya saba akapewa jina. Wewe sasa ni babu.

Utaona kwamba katika barua hii sikumtaja yeyote wa huku kwetu kwa jina. Si kwa hasira. Hasira imekwisha, na ukija Idi utalala chumba cha juu kama zamani, na Chamsia atakuwa na mimi jikoni. Ni kwamba nimeacha. Jina jipya la mwanangu ninalijua, na la mtoto wake ninalijua, ni jina zuri, nalisema peke yangu nikiwa nachambua mchele. Sitakuandikia. Ukija nitakunong'oneza.

Dada yako